Kabla hatujakuuzia dawa ya mimea ya kusahau

"Mama ananiuliza jambo moja mara nne kabla chai haijapoa. Mna mzizi gani wa kumpa?" Anayetuuliza hivi mara nyingi hajalala vizuri siku nyingi. Kumpa kopo na kupokea pesa ni rahisi, lakini sisi huanza kwa kumpa kiti tuzungumze.

Ni kweli kwamba mimea imetoa dawa za Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu. Galantamini ilipatikana katika jamii ya maua madogo meupe yanayochanua theluji ikiwa bado chini; wataalamu wa Bulgaria waliishughulikia tangu miaka ya 1950, na Marekani ikaiidhinisha mwaka 2001. Rivastigmini nayo iliundwa kwa kuiga sumu ya maharage ya Calabar, Nigeria. Zamani huko mtuhumiwa alilishwa maharage hayo kama kiapo cha mwavi: akitapika akapona, hana hatia.

Sumu inakuwaje dawa? Seli za ubongo hupelekeana habari kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Alzheimer huua seli zinazoitengeneza, na kimeng'enya kinaendelea kuivunja hiyo kidogo iliyobaki. Dawa hizi hukizuia kimeng'enya hicho. Mgonjwa anaweza kupata nafuu kwa muda, ila ugonjwa wenyewe haukomi. Asetilikolini hufanya kazi pia tumboni na kwenye moyo, ndiyo maana kichefuchefu huja na mapigo ya moyo yanaweza kupungua. Daktari huanza na kipimo kidogo, akakipandisha baada ya wiki kadhaa. Ukichemsha kitunguu cha lile ua jeupe la galantamini kwenye sufuria, hakuna anayejua kipimo chake. Usijaribu.

Ginkgo, dawa ya majani ya mti wa asili ya China, inayoulizwa kuliko zote, ilipimwa Marekani kwa wazee zaidi ya 3,000 wenye miaka 75 na kuendelea, miligramu 120 mara mbili kwa siku. Matokeo yalitoka 2008: haikuzuia ugonjwa wa kusahau. Manjano endelea kuyatia kwenye chakula. Lakini kukumini, kemikali yake inayosifiwa kuwa dawa, mwili huifyonza kidogo mno.

Kuna mama mmoja alimwaga mfuko wa dawa za mzazi wake mezani petu. Kopo la ginkgo lilibingirika likagota kwenye pakiti ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Tulipomuuliza, alisema mzee ana mabaka ya bluu mikononi na hakumbuki kujigonga. Ginkgo inaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu kwa anayetumia warfarini. Hatukumuuzia kitu, tulimwomba ampeleke mzee kwa daktari siku ileile.

Kwa hiyo ukija, njoo na dawa zote anazotumia, hata za mafua na za usingizi. Baadhi ya vidonge vya zamani vya mzio, vile vinavyoleta usingizi, huizuia asetilikolini hiyohiyo tunayohangaika kuilinda. Na kama mzee hajapimwa, aanze hospitali: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa na sonona vyote humsahaulisha mtu, na vyote vina matibabu.