Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya mazingira: rejista ya PCB ifuate transfoma, isifuate nguzo

Mheshimiwa Waziri,

YAH: KANUNI ZA KUTUNZA KUMBUKUMBU NA KUTOA TAARIFA ZA PCB KWENYE VIFAA VYA UMEME

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Tanzania iliridhia Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti kemikali za sumu zisizooza, mwaka 2004. Kwa upande wa PCB, kimiminika cha sumu kilichotumika zamani ndani ya transfoma na kapasita, mkataba huo uliweka 2025 kuwa ukomo wa kutumia vifaa vyenye sumu hiyo, na 2028 kuwa ukomo wa kushughulikia kwa njia salama mafuta na vyuma vilivyochafuliwa. Tunakuandikia sisi mafundi wa transfoma na wapimaji wa mafuta kuomba kanuni moja mahususi: kila mwenye transfoma au kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme) ya zamani atunze rejista ya kila mwaka na kuiwasilisha serikalini, na rejista hiyo ifungamane na namba ya kifaa, si mahali kilipofungwa.

Tunasema hivyo kwa sababu transfoma huhama. Leo iko kwenye nguzo sokoni, ikiungua inapelekwa karakana, ikifungwa koili mpya inatumwa wilaya nyingine kabisa. Ukaguzi uliofanywa kwa majina ya mitaa na vituo unakuwa batili siku gari la kreni linapofika. Namba ya mtengenezaji iliyogongwa kwenye kibati haibadiliki, ilimradi kibati chenyewe kisomeke. Vingi vimepakwa rangi ya kijivu pamoja na tangi, na fundi mwenye haraka anaandika "haisomeki" kisha anaendelea na kazi. Kanuni iseme wazi kwamba kibati kikwanguliwe na kupigwa picha, na kisichosomeka kabisa kipewe namba mpya inayogongwa kwenye chuma, si kuandikwa kwa chokaa.

Kibati hicho kinaeleza mengi kwa anayejua kukisoma. Alama ya upoozaji ONAN inamaanisha mafuta ya kawaida ya madini. Alama ya zamani inayoanza na L, kama LNAN, inamaanisha kimiminika cha kutengenezwa kisichoshika moto, na kwenye mashine za miaka hiyo hapo ndipo pa kushtuka. Majina ya biashara ya PCB nayo yajulikane kwa wakaguzi: Aroclor ya Marekani, Clophen ya Ujerumani, Pyralène ya Ufaransa, Kanechlor ya Japani, Sovtol ya Umoja wa Kisovieti. Kimiminika hicho ni kizito kuliko maji. Tone lake huzama kwenye glasi ya maji, wakati mafuta ya madini huelea.

Hata hivyo kipimo cha glasi kimewadanganya wengi. Kinakamata PCB isiyochanganywa na mafuta peke yake. Mafuta ya madini yenye PCB miligramu 100 kwa kila kilo, yaani ppm 100, yanaelea kama yale safi, yanafanana nayo kwa rangi na harufu, lakini yamevuka mara mbili kiwango cha ppm 50 ambacho mkataba unataka tujitahidi kukibaini. Sehemu kubwa ya tatizo iko hapa, kwenye transfoma ambazo hazikuzaliwa na PCB bali zilichafuliwa kwa mikono yetu wenyewe mafundi na mashine zetu.

Chukua mashine ya kuchuja mafuta. Baada ya kazi, lita 20 zinaweza kubaki kwenye pampu, vichujio na mipira. Ikiwa imetoka kuhudumia transfoma yenye ppm 1,000 na ikaunganishwa kwenye transfoma safi ya lita 300, zile lita 20 zinachanganyika humo na kufanya mafuta yote yawe na takriban ppm 62. Transfoma safi asubuhi, jioni ni ya sumu, na karatasi ya maabara ya mwaka juzi bado inasema ni safi. Kwa hiyo, Mheshimiwa, rejista isiyoonyesha mafuta yalifunguliwa lini, kwa mashine ipi na yaliongezwa kutoka pipa lipi haifai kutegemewa. Mashine za kuchuja nazo ziwe na kurasa zao ndani ya rejista, zipimwe kama zinavyopimwa transfoma.

Kumwaga mafuta machafu na kujaza mapya hakumalizi kazi pia. Karatasi na mbao zilizo ndani ya koili hunywa mafuta, na karibu sehemu moja ya kumi inaweza kubaki humo. Transfoma ya ppm 800 ukiimwaga na kuijaza upya itaonyesha namba ndogo siku hiyo hiyo. Ikishafanya kazi ikapata joto, mafuta ya zamani yanatoka taratibu kwenye karatasi na namba inapanda kuelekea ppm 80. Kipimo cha kuitangaza safi kichukuliwe baada ya siku 90 ikiwa inabeba mzigo. Kanuni ikikubali kipimo cha siku ya kujaza, itakuwa inahalalisha namba isiyo ya kweli.

Sampuli ichukuliwe umeme ukiwa umezimwa, kwenye valvu ya chini, baada ya kumwaga mafuta ya kwanza yaliyolala kwenye bomba. Mililita 50 kwenye chupa ya kioo zinatosha. Glovu za nitraili na bomba la kunyonyea vibadilishwe kila transfoma. Anayetumia bomba lile lile siku nzima anahamisha sumu kutoka chupa hadi chupa. Lebo ibandikwe kabla ya kujaza, kwa sababu chupa kumi zilizojazwa zinafanana.

Kifaa cha kupima papo kwa hapo hupima klorini yote, hakichagui PCB. Chumvi ya upepo wa bahari au jasho la mkono vinaweza kukifanya kiseme "chafu" wakati mafuta ni safi, jambo la kuangaliwa sana Tanga, Dar es Salaam na Mtwara. Kikisema safi, na hakijapitwa na muda, matokeo yaandikwe hivyo. Kikisema chafu, sampuli iende maabara kwenye kromatografia ya gesi, kipimo kinachotenganisha PCB na kemikali nyingine, na safu ya rejista itaje njia iliyotumika. Namba isiyo na njia ya kipimo isipokelewe.

Kapasita ni habari nyingine. Zimefungwa moja kwa moja. Huwezi kuchukua sampuli bila kuzitoboa, na kuzitoboa ni kuziharibu. Ya zamani isiyo na maandishi ya mtengenezaji kuthibitisha haina PCB ihesabiwe inayo. Kanuni hiyo hiyo itumike kwa transfoma ambayo haijapimwa. Mwenye mali akiona "haijulikani" inamgharimu sawa na "chafu", atapima.

Kuhusu kupeleka taarifa, Marekani wanatupa mfano wa kuazima. Huko mwenye transfoma hata moja ya ppm 500 au zaidi, au kapasita kubwa 50, analazimika kukamilisha daftari la mwaka uliopita ifikapo tarehe 1 Julai. Kifaa kikishaondolewa kazini kuna mwaka mmoja wa kukiteketeza, na anayeteketeza ana siku 30 za kutuma cheti kwa mwenye mali. Kinachovutia hapa ni kwamba mstari wa kifaa unabaki wazi mpaka cheti kifike. Kwetu, neno "imeondolewa" linatosha kufunga mstari, na tangi linaelekea kwenye mnada wa chuma chakavu koili zikiwa bado zimelowa. Mnunuzi anachoma karatasi ili apate shaba, na PCB ikiungua kwa moto wa kawaida inatoa furani na dioksini, ambazo ni sumu kali. Kuiteketeza kwa usalama kunataka tanuri la zaidi ya nyuzi 1,100 za selsiasi. Shehena ikipelekwa nje, Mkataba wa Basel, unaosimamia usafirishaji wa taka hatari kati ya nchi, unataka idhini ya maandishi ya nchi inayopokea na zinazopitiwa. Bila uzito na namba za kila kifaa, maombi hayo hayaandikiki.

Safu moja zaidi tunaiomba: lita zilizopungua na sababu. Mafuta ya transfoma huibwa, mengine huishia kwenye mashine za kuchomelea na hata kwenye makarai ya chipsi. Polisi wanaandika wizi wa mali. Mamlaka ya mazingira inahitaji kujua pia kwamba lita 80 zilizoibwa zilikuwa na ppm ngapi, na hilo linawezekana ikiwa zilipimwa kabla hazijaibwa.

Kanuni isiishie kwa mashirika ya umeme. Viwanda vya zamani vya nguo, sukari na mkonge, migodi, reli na hospitali kubwa vina transfoma zao nyuma ya uzio. Kiwango cha kuanzia kiwe kifaa chenye zaidi ya lita 5 za kimiminika, kama Mkataba wa Stockholm unavyotaja kwa ppm 500 na kuendelea.

Tunapendekeza tarehe 31 Machi ya kila mwaka, fomu moja kwa nchi nzima, nakala kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, saini ya mkuu wa taasisi na ya fundi aliyechukua sampuli. Mwaka wa kwanza fomu ipokelewe hata ikiwa nusu ya safu zina neno "haijapimwa", bila faini; adhabu ianze mwaka wa pili, na iwe kali zaidi kwa aliyejaza namba za kubuni kuliko kwa aliyechelewa.

Tuko tayari kuja ofisini na rasimu ya fomu hiyo pamoja na maelezo ya kila safu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mafundi wa transfoma na wapimaji wa mafuta ya umeme