Samaki wako wa mashini

Yakhe, salaam aleikum,

Ile voisi yako ya dakika saba ilinikuta chini ya boti, mikono yote grisi, nikaiskiza mara mbili manake ya kwanza nilicheka sana sikusikia mwisho. Ati supavaiza amekwambia projekti ya mwisho utengeneze punda wa mashini ama samaki wa mashini, na we wauliza kama hiyo ni elimu ama ni kuchezea pesa za watu. Nakuandikia sikupigii, we nakujua, nikianza kusema utanikata kabla sijafika popote.

Punda wachana naye. Wamarekani washajaribu, jeshi lao likatoa pesa na kampuni ya Boston Dynamics wakatengeneza BigDog, mashini ya miguu minne, 2005 hiyo, hafu akaja mkubwa wake LS3 wa kubeba kilo 180 hivi na kupanda milima. Na alitembea kweli, BigDog hata ukimpiga teke ayumbayumba ajirudisha, si mchezo. Shida ni injini ya petroli, kelele mtindo mmoja, wanajeshi wakaona huyu atatuchoma kwa adui, 2015 wakamuweka kando. Sasa mchukue umlete Kibokoni hapa Mombasa. Jana asubuhi punda wa maji kapita kichochoro cha nyuma ya kwetu na mkokoteni wake umejaa mitungi, mwenyewe kabaki nyuma azozana na mtu juu ya chenji, punda kaenda zake peke yake mpaka mlango wa tatu, kasimama, kageuza sikio moja nyuma, angoja. Pale pale kaokota ganda la ndizi akala, ndio petroli yake hiyo. Na punda huzaa punda, hiyo mashini haizai hata nati. Ingawa nisikudanganye, ile kazi ya miguu haikupotea, ndiyo iliyomzaa Spot, yule mdogo wa umeme anayezunguka viwandani kukagua mitambo, lakini 2020 walimuuza dola 74,500, pesa hizo ukienda nazo Lamu wanunua punda mpaka wakosa pa kuwafunga.

Samaki sasa, hapo niskize vizuri.

Wajua kazi yangu nusu ni nyavu? Boti yapita kwa uzi wa mtu, uzi wajizungusha kwa shafti nyuma ya propela, mwenye boti haoni, aendelea tu, uzi wakata sili, ule mpira wa kuzuia maji, maji ya chumvi yaingia kwa gia. Nikifungua ile skurubu ya oili yatoka nyeupe kama chai ya maziwa, hapo najua mtu atalia. Wiki hii pekee nimefungua mbili. Sasa mi nikiona jodari akipita kwa mkia tu, hana shafti, hana sili, hana oili, na mbio zile, najiuliza hii kitu yafanya kazi vipi, na siwezi kumfungua akiwa anaenda. Hapo ndipo mashini yasaidia. Kule MIT, chuo cha Marekani, miaka ya tisini walitengeneza RoboTuna, jodari mzima wa vyuma na ngozi juu, sababu huyo waweza kumuamrisha piga mkia hivi, sasa punguza, sasa chelewesha kidogo, na wapima nguvu kila mara. Jodari wa kweli nani atamwambia achelewesha mkia? Wakaona siri kubwa iko kwa vile visulisuli vya maji, mkia wavizungusha wenyewe hafu wavitumia kujisukuma, yale maji ambayo propela yayatupa nyuma bure.

Na yule salamanda, kale kama mjusi kanakoishi majini na nchi kavu, kule chuo cha EPFL Uswisi 2007 Auke Ijspeert na wenzake walimtengenezea roboti yake na uti wa mgongo wa programu. Signali ya kumuamrisha ikiwa ndogo atembea, ukiiongeza aanza kuogelea mwenyewe. Yaani swali lilikuwa la mnyama, roboti ilikuwa ya kuulizia tu. Kwa hivo supavaiza akikuuliza kwa nini samaki, usimwambie ati ni kitu kipya, mwambie wataka kujua nini. Ukikosa swali basi umetengeneza toi.

Wale wa MIT wengine walimpeleka samaki wao wa mashini, SoFi, kule Fiji, habari zake zikatoka 2018, mkia wa silikoni, betri ya aina ile ya simu, akakaa chini dakika 40 kina cha mita 15 hivi, na samaki wa matumbawe waogelea ubavuni mwake wala hawana habari. Fikiria huyo kwa mwamba wetu hapa Nyali, achungulie matumbawe bila pangaboi kutimua kila kitu.

Kuna jambo moja lakini nilikuwa nalicheka nimeacha. Wajapani wana Paro, mtoto wa sili wa mashini (sili yule mnyama wa baharini, si ile ya shafti) mwenye manyoya, wa kukumbatiwa na wazee waliopotewa na kumbukumbu. Nikasema wallahi huu upuuzi, nyanya ana paka tisa bure. Hata Shibata aliyemtengeneza alimkwepa paka makusudi, manake paka watu wanamjua, wangemlinganisha. Nyanya angemaliza siku mbili auliza mbona huyu haombi dagaa. Hafu nikamkumbuka Owen, yule kiboko mtoto wa tsunami ya 2004, tulipelekwa na shule Haller Park kumuona, kamganda kobe Mzee. Mzee mwanzo akamfokea, akamkimbia, hakujua kubembeleza hata kidogo. Owen hakujali, alalia lile gamba basi. Nyanya naye siku hizi jina langu limemtoka, lakini akiwa na yule paka wa kijivu mapajani mikono yatulia. Kule hospitali alikolazwa paka hawaruhusiwi, na usiku wa pili alilia mpaka alfajiri. Hapo ningemchukua huyo sili wa manyoya hata kwa mkopo.

Ukija Disemba pita kwa karakana nikupe shafti iliyoliwa na uzi uende nayo umuonyeshe supavaiza. Nyanya nilimueleza projekti yako, akafikiri sana, akauliza huyo samaki atavuliwa saa ngapi.

Ni mimi wako wa Kibokoni