Wakuu wa maabara, tuanze na saa kabla ya kuomba mashine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wakuu wa maabara za hospitali zetu za wilaya, pamoja na waganga wafawidhi wanaowasimamia. Mgonjwa akitolewa damu saa 2 asubuhi akapewa majibu saa 9 alasiri, maelezo huwa yaleyale: mashine hazitoshi, watumishi hawatoshi. Mara nyingi ni kweli. Lakini mashine ya kupima picha kamili ya damu humaliza sampuli moja kwa dakika moja hivi. Saa zilizobaki zinapotelea kwingine, na kazi ya kwanza ya mkuu wa maabara ni kujua ni wapi.

Ongezeni safu nne kwenye rejista: saa sampuli ilipochukuliwa, ilipopokelewa, majibu yalipohakikiwa, na yalipomfikia daktari. Jazeni kwa wiki mbili. Msihangaike na wastani, maana huficha waliosubiri sana. Chukueni sampuli 100, zipangeni kuanzia iliyowahi hadi iliyochelewa, kisha tazameni ya 50, iliyo katikati, na ya 90, inayoonyesha waliosubiri sana. Msishangae mkikuta muda mwingi umeishia wodini, sampuli zikimsubiri wa kuzileta, au kwenye trei ya majibu yanayosubiri saini. Hapo mashine mpya haiongezi kitu.

Asubuhi nayo hupotea bure. Sampuli za kuhakiki mashine, yaani kontroo, zikianza kupimwa saa 2, mashine itakuwa tayari foleni ikiwa imeshajaa. Aliye zamu ya usiku azipime kabla ya kukabidhi. Kontroo ya damu ikitoka kwenye friji iachwe ipate joto la chumba kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji, mara nyingi robo saa au zaidi, kisha ipinduliwe taratibu mpaka seli zote zilizotuama chini zichanganyike. Ikipimwa ya baridi inakataa, yaani majibu yake yanatoka nje ya kiwango kinachotakiwa, na mtaalamu anarudia tena na tena mpaka ikubali. Huko ni kumaliza vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, na kuficha hitilafu. Ikikataa, fungueni kichupa kipya mara moja tu. Ikikataa tena, simamisheni kipimo, mkague tarehe ya kitendanishi na urekebishaji wa mashine.

Kontroo hizohizo ndizo zinazoharibu oda. Tuseme mnapima wagonjwa 10 kwa siku, sawa na 300 kwa mwezi. Mkiagiza vitendanishi vya vipimo 300, vinaisha siku ya 23, kwa sababu kila siku mashine inakula vipimo 13: wagonjwa 10 na kontroo 3, ya chini, ya kawaida na ya juu. Matumizi halisi ni 390 kwa mwezi, bado marudio. Kama mzigo huchukua miezi 2 kufika na mnataka akiba ya mwezi 1, oda itoke stoo ikishuka hadi vipimo 1,170, si 900. Tofauti hiyo ya 270 ndiyo inayofanya wagonjwa waelekezwe maabara za nje.

Kuna sampuli zinazokataliwa. Damu iliyoganda kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau haifai kwa picha kamili ya damu, na mgonjwa hudungwa upya. Chanzo kikubwa ni kutokuchanganya: kichupa kipinduliwe taratibu mara 8 hadi 10 papo hapo baada ya damu kuingia, na damu ifike kwenye mstari. Damu inayosukumwa kwa nguvu kutoka kwenye bomba la sindano hupasua seli, na potasiamu inasoma juu kwa uongo. Sukari hushuka kila saa damu inapokaa bila kutenganishwa, kwa hiyo kwa kipimo hicho tumieni kichupa cha kifuniko cha kijivu. Andikeni kila sampuli iliyokataliwa, wodi iliyotoka na sababu, kisha mpelekeeni muuguzi kiongozi wa wodi husika orodha hiyo, mkamwonyeshe palepale namna ya kuchanganya. Kumgombeza kwa simu hakujawahi kupunguza kitu.

Mashine ya kuzungusha damu nayo isisubiri ijae. Izungushwe kila nusu saa, hata kama ina vichupa vinne tu, mradi viwekwe vikikabiliana kwa uzito sawa. Kwenye GeneXpert, mashine ya kupima kifua kikuu, pakieni makohozi ya mwisho kabla ya kufunga. Mashine ya nafasi 4 itamaliza yenyewe, na asubuhi mnakuta majibu 4 yanasubiri kuhakikiwa.

Kwa waganga wafawidhi nina ombi moja. Mkuu wa maabara anayeshinda kwenye benchi la kupimia sampuli kutwa nzima hana muda wa kufanya lolote kati ya haya. Mtoeni benchi walau saa mbili kila siku, apitie rejista, stoo na joto la friji, na apewe nafasi ya kuyasema aliyoyaona kwenye kikao cha uendeshaji wa hospitali.

Mdau wa maabara,
Morogoro