Waya Kwanza, Bando Baadaye

Ngamiani, Tanga

Sahibu yangu Mbwana,

Salamu nyingi. Miye na watoto hatujambo, hofu kwako unayekesha na harusi za watu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, kwamba video zinachelewa mno kuhama kutoka kompyuta ya sebuleni kwenda ya chumbani, pamoja na matusi uliyoitukana ile kompyuta. Nimeona nikuandikie kwa kituo, maana mambo haya kwa simu hupotea.

Kwanza bando. Aliyekushauri ulipie intaneti ya kasi zaidi kakupoteza. Faili likitoka kompyuta ya sebuleni kwenda ya chumbani halitoki nje ya nyumba. Linapita kwenye ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani, na nyaya zako mwenyewe, basi. Hata bando likikatika usiku huu, litakwenda kwa mwendo ule ule. Weka pesa zako.

Sasa hesabu uliyonipa: video ya GB 60, saa moja na nusu. Hiyo ni kama megabaiti 11 kwa sekunde, na namba hiyo peke yake inasema mengi. Kasi ya waya huhesabiwa kwa biti, faili kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Megabiti 100 gawa kwa 8, unapata 12.5, ondoa kinacholiwa njiani, inabaki 11 na kitu. Maana yake humo ndani kuna kitu kinakwenda kwa megabiti 100 badala ya 1000. Kasi ingekuwa inarukaruka, sasa hivi 3, punde 20, punde imesimama, ningeshuku waifai au diski. Lakini iliyoganda kwenye 11 tangu mwanzo mpaka mwisho, hapo mimi naenda kwenye waya.

Anza na rahisi. Geuza ruta usome maandishi yake. Ukikuta 10/100 bila ile 1000, umemaliza upelelezi: matundu yake hayawezi zaidi, na zipo ruta za watoa huduma zilizo hivyo. Dawa ni swichi ndogo ya gigabiti, yaani kisanduku cha kuunganisha nyaya kwa kasi ya megabiti 1000. Kompyuta zote mbili zichomekwe humo, kisha swichi ndiyo iende kwenye ruta. Kama ruta ina hiyo 1000, fungua mipangilio ya mtandao kwenye Windows, kila kompyuta kwa zamu yake, utazame kasi ya muungano. Itakayosema 100/100 wakati mwenziwe anasema 1000/1000, waya wake ndio mshitakiwa.

Na hapa ndipo nataka usome taratibu. Waya wa mtandao una nyuzi 8, jozi nne. Megabiti 100 hutumia jozi mbili tu, ya chungwa na ya kijani. Gigabiti inazitaka zote nne. Uzi mmoja wa bluu au wa kahawia ukilegea kichwani, yaani kwenye plagi ya mwisho wa waya, mashine hazilalamiki wala hazikuonyeshi kosa: zinapatana kimyakimya kushuka mpaka 100, na wewe unaona intaneti inafungua kama kawaida. Ndiyo maana watu hukaa na tatizo hili miaka.

Sisi wa pwani tuna chumvi juu yake. Huku Raskazone nimekata vichwa ambavyo kwa nje vinang'aa, ndani shaba imeota ukungu wa kijani. Kwako Bagamoyo, dirisha linalotazama bahari, sitashangaa. Kata kichwa, rudi nyuma mpaka ukutane na shaba nyekundu safi, ubane kichwa kipya. Ukishamenya, kwaruza uzi kwa wembe: ukiona weupe chini ya wekundu, umeuziwa aluminiamu iliyopakwa shaba. Huo usihangaike nao, tupa.

Lile wazo lako la kuacha waya na kutumia waifai, bwana, kwa nyumba ile ya kuta za matumbawe na chokaa sikushauri. Mawimbi ya GHz 5 yana kasi ila kuta nene huyachosha upesi. Ya GHz 2.4 yanapenya, lakini yamejaa majirani. Tena kompyuta zote mbili zikiwa kwenye waifai moja, kila kipande cha faili kinapita hewani mara mbili, kwenda kwenye ruta na kutoka. Kasi inabaki nusu.

Ukishabana vichwa, usipime kwa kukopi video. Weka programu ya iperf3 kwenye kompyuta zote mbili. Ni ya bure, inapima njia bila kugusa diski. Ikikupa zaidi ya megabiti 900 na video bado inajikokota, basi waya umeachiwa huru, twende kwenye diski. Na ile eksteno yako, diski ya nje, uichomeke kwenye tundu la USB 3, mara nyingi huwa la bluu ndani. USB 2 haitakupa hata megabaiti 50 kwa sekunde. Zile picha elfu na kitu za send-off zifunge kwanza kwenye faili moja la zipu. Vifaili vidogo vidogo kila kimoja kina ufunguzi na ufungaji wake, hapo hata waya mzuri hauna msaada.

Mambo yakikaa sawa, hizo GB 60 zitavuka kwa dakika kumi hivi.

Koleo la kubania nakutumia kama kifurushi kwa basi, pamoja na vichwa vya akiba. Koleo nalitaka lirudi, kuna kazi inaningoja Chumbageni. Msalimie shemeji, na majibu ya iperf3 nitumie kabla hujanunua chochote.

Wako,
Fundi wa Ngamiani