Makaka ya kijani, shoga, usiniangushe

Malindi, Jumanne usiku

Saumu shogaangu,

Salamu nyingi, zangu na za Mama na za nyumba nzima. Sisi wazima, alhamdulillahi. Kusi yavuma usiku na mchana, samaki adimu, bei usiulize. Tangu Idi hujaniandikia wala hujanipigia, na leo sikuulizi kwa nini, maana nimekuja na haja. Ugomvi tutaumaliza ukija.

Habari ya harusi ya binti wa Bi Nuru umeipata, najua, kwa kuwa Mwanamkasi hana siri. Basi usiku wa kupamba mimi nimepewa kitu baridi. Juisi ya ukwaju ina watu wake, halwa yatoka Mombasa, lakini bibi harusi mwenyewe kasema kwangu hataki kingine ila yale machungwa ya barafu, makaka (maganda matupu) yaliyojazwa sorbeti, juisi ya kugandisha, yale ya kwa Mama Zena, ulipokataa kutupa kaka lako ukalitia mkobani likakuyeyukia juu ya simu. Wageni mia na ishirini, wanawake watupu, na kila mmoja ana ulimi.

Nikafurahi. Furaha yenyewe haikulala.

Shangazi mtu kaniita, kanikalisha kwenye kiti cha wageni (hapo tu nikajua kuna jambo), kanimiminia kahawa, kisha kasema: “Mwanangu, makaka yale ya kijani siyataki.” Ati yaonekana mabichi. Ati picha zitafika Maskati na watu watasema tumeokota tulichokikuta chini ya mti. Picha gani, ilhali ni yeye aliyepiga marufuku simu ukumbini? Yeye ataka machungwa ya supamaketi, yale ya rangi, yatokayo Misri na Afrika Kusini, yote kimo kimoja, yang'aa kama viatu vya askari. Nikanywa kahawa yangu kimya. Wamjua Shangazi, mtu habishani naye akiwa ameshika birika.

Saumu, wewe umezaliwa chini ya michungwa ya Muheza, hebu nisaidie. Chungwa la kwenu lina kosa gani? Ile rangi yaletwa na usiku wa baridi. Mti ukipata baridi, ukijani unatoka gandani. Kwenu na kwetu usiku ni joto, kwa hivyo chungwa laiva, lajaa maji, lawa tamu, na ganda halina habari. Ukingoja ligeuke lote utalichuma limeoza. Haya nilitaka kumwambia, ila angeniona namfundisha.

Tena mengi ya yale ya dukani ni ya kitovu, yale yenye alama kama kitovu chini. Kwa kumenya na kula hapo hapo, sisemi kitu, matamu na hayana mbegu. Lakini juisi ya chungwa la kitovu haina subira: ikamue, iache ikae, yaanza kuingia uchungu. Mimi nakamua leo, nagandisha leo, mgeni ala kesho kutwa. Uchungu huo atausemea nani? Mimi. Na ganda lake lina nta, mpaka ulisugue kwa maji ya moto, nami nataka ganda linukie, kwa sababu mgeni akiinama na kijiko pua yake ndiyo inayofika kwanza.

Kisha akaniongezea kuwa haya ni mambo ya Kizungu, basi na yawe na rangi ya Kizungu. Hapo nilimeza kicheko na kahawa pamoja. Msafiri Ibn Battuta alifika Mombasa mwaka 1331 akakuta ndizi na malimau, akayaandika. Na Vasco da Gama, ambaye nguzo yake hapa Malindi twaipita kila tukienda kupunga upepo, alipotia nanga Mombasa mwaka 1498 mfalme alimpelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Hata huko Sisilia, milimau na midanzi, ile michungwa mikali, ilipelekwa na Waarabu. Cha kwao ni theluji, waliyokuwa wakiiteremsha kutoka mlima Etna na kuiuza mijini wakati wa joto. Lakini sikuja kukuandikia historia.

Yule mzee Mtaliano niliyemfanyia kazi kule ufuoni alikuwa akililia malimau ya Amalfi, marefu yenye ganda nene, ambayo ukiyakomba yabaki yamesimama imara. Huko kwao ndiyo wanayoyajaza sorbeti na kuyauza kando ya barabara. Alipoona ya kwetu, ndimu ndogo na machungwa ya ganda jembamba, alitukana kwa lugha yake, kisha akachukua kisu akanifundisha. Uliniomba siri hii zamani nikakwambia mpaka uniletee machungwa. Basi leo tunauziana.

Kata juu, kama robo ya chungwa, upande wa kikonyo. Kifuniko na chungwa lake viwe pamoja, ukivichanganya hutavioanisha tena. Chini punguza ganda kidogo sana lipate kukaa lisibingirike, na hapo ndipo mikono ya watu huteleza, maana ukipita ule weupe limetoboka na juisi yote itahamia kwenye sinia. Ndani zungusha kisu kidogo, kisha kijiko, komba taratibu. Weupe uache, huo ndio ukuta. Zile ngozi za vipande toa zote. Makaka yakishakuwa matupu yaingie friza kabla ya kujazwa, yawe magumu kabisa. Kaka lenye joto litayeyusha sorbeti pembeni, nayo ikiganda tena yafanya chembe za barafu za kukwaruza meno, na ladha ya ganda imeshaingia.

Juisi ichujwe. Kila lita moja robo kilo ya sukari, na madanzi mawili au ndimu kadhaa, kwa sababu chungwa tamu peke yake likiganda lapooza mdomoni. Ganda la juu, lile la rangi tu, kwangua kidogo usugue na hiyo sukari kwa vidole mpaka inukie, ndipo uimimine kwenye juisi. Ukionja ikiwa haijaganda utasema nimezidisha utamu. Wacha, baridi hula utamu. Na sukari hiyo ndiyo inayozuia barafu isiwe jiwe. Ukiionea uchungu sukari utagawa mawe harusini, na ukiimwaga bila kiasi haitaganda, itabaki uji. Mzee alinionyesha kupima kwa yai. Lioshe, ni la kuku mzima na ganda lake, lichovye ndani ya juisi yenye sukari. Likizama bado. Likielea, utosi ukatokeza kadiri ya sarafu ya shilingi kumi, acha hapo hapo. Shilingi kumi ya Kenya, usije ukachukua ya kwenu Tanzania ukanilaumu.

Mashine sina. Namimina kwenye trei za bati, kila nusu saa napita na uma navuruga kutoka pembeni kuja kati, na ikishashikana yote naipiga kwenye blenda mara moja, haraka, inarudi friza. Mzee alikuwa akitia ute wa yai uliopigwa, ukaifanya laini na nyeupe. Harusini sitii. Watu mia na ishirini na ute mbichi, la. Na unga wa jelatini siugusi, hujui umetoka kwa mnyama gani, na Bi Swafiya atauliza mbele ya watu, wamjua.

Halafu wajaza, na kilima kidogo juu, kifuniko chake kikae kishingo upande. Robo saa kabla ya kula yatolewe. Na sasa, Saumu, ndipo pale ninapotaka Shangazi angekuwepo na macho yake: kaka la kijani likitoka kwenye friza lashika ukungu mweupe, ukijani wote waonekana chini ya ule weupe, na katikati sorbeti ya manjano. Chungwa la rangi nalo? Ganda rangi hiyo, ndani rangi hiyo hiyo, yote yamezama, huoni pa kuanzia. Mimi sitetei kijani kwa sababu ni rahisi. Natetea kwa sababu ni kizuri zaidi, na bibi harusi alichokipenda kwa Mama Zena kilikuwa kijani.

Kwa hivyo haja zangu ni mbili.

Ya kwanza ni machungwa mia na sabini. Mia na ishirini ya kukaa mezani, yanayobaki ya kuongeza juisi na ya yale yatakayopasuka mikononi mwa wale wasichana watakaokuja ati kunisaidia. Nataka Valencia, makubwa, yaliyokaribiana kimo, ganda halina kovu. Yachumwe kwa mkono, kikonyo kikatwe kwa kisu. Mtu asipande akatikisa tawi! Na yasichumwe alfajiri. Mwambie kijana wako angoje umande ukauke, saa nne hivi. Chungwa lililochumwa na umande ganda lake limejaa maji, likibanwa kidogo tu mafuta yake yatoka na kuliunguza lenyewe. Siku hiyo huoni kitu, baadaye lina madoa ya kahawia. Nikimpelekea Shangazi machungwa ya kijani yenye madoa si nitakuwa nimemshindia kesi? Yaje kwenye makreti, si magunia, na pale Horohoro mpakani mtu asimame nayo mpaka yavuke Lunga Lunga, karatasi zake ziwe tayari. Na kwenye basi yasiwekwe karibu na dagaa. Nakuomba kwa Mungu, dagaa hapana.

Stima ndiyo inayoninyima usingizi. Ikikatika usiku wa kuamkia siku yenyewe, friza mbili nilizonazo hazitafika adhuhuri. Nimeshapanga: barafu ya wavuvi, makasha, na chumvi ya mawe kutoka Gongoni, kiroba kizima, chumvi huku ndiyo kitu cha bure. Barafu peke yake haitoshi, inasimama kwenye sifuri na sorbeti ya sukari haijali sifuri. Uitie chumvi, sehemu moja kwa tatu, yashuka mpaka karibu nyuzi 20 chini ya sifuri, na hapo chombo kikizikwa ndani yake chakaa. Ndivyo walivyokuwa wakigandisha kabla ya stima. Shemeji yako Athumani kwa wema wake amejitolea kasha lake kubwa la samaki. Nimemshukuru sana. Machungwa yenye harufu ya nguru, hapo Shangazi angesahau habari ya rangi.

Haja ya pili ndiyo nzito. Mpigie Shangazi. Wewe atakusikiliza, kwa yale ya Pangani. Mimi bado ni yule mtoto aliyemvunjia kawa. Usimwambie nimekuandikia. Anza na habari za mgongo wake, mpe nafasi, kisha umpitishie kwa mbali kuwa unapeleka zawadi ya machungwa kwa bibi harusi, kutoka shamba la marehemu baba, yamechaguliwa moja moja. Zawadi hawezi kuikataa, na ya marehemu ndiyo kabisa. Akitaja kijani, cheka tu, mwambie nyinyi huko mnayaonea fahari. Mimi nitamfanyizia moja la kuonja, nimpelekee kwenye sahani nyeupe likiwa na ukungu wake. Nahisi… lakini mwenyewe wamjua, anaweza kula lote, akaramba kijiko, halafu akasema hataki.

Na akikataa kata kata? Basi nitafanya nusu kwa nusu, ya kwake yakae meza yake. Sijamwambia mtu hili.

Sasa nijibu, shoga. Waja au huji? Ukija, waja kabla ya siku ya kukomba au waja kukaa kitini na kanga mpya? Msimu huko ukoje, yapo makubwa au wanunuzi wa Nairobi wameshayamaliza? Kreti moja wauza vipi sasa, na usinitajie bei ya undugu, nitajie bei. Mgogoro wa shamba umekwisha? Yule mwalimu alirudi tena kuuliza, au aliishia kwenye ile chai? Mbona Mwanamkasi ajua habari zako kuliko mimi? Na ile nguo ya kupambia uliyosema utashona, ni rangi gani? Usiniambie kijani, Shangazi atatuchinja.

Jibu lifike kabla ya Ijumaa. Ijumaa anakwenda supamaketi na kapu lake.

Ni mimi shogayo,
Khadija

N.B. Kisu changu kidogo cha mpini mweupe, kile cha kukombea, kiko kwako. Kije na machungwa.