Risala kwa Mgeni Rasmi: Uzinduzi wa Kampeni ya Kuokoa Minara ya Taa ya Pwani, Moshi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Viongozi wa dini na wa serikali za mitaa,
Walimu, wazazi na wanafunzi,
Mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya kikundi chetu cha malikale na mazingira, chenye mafundi waashi, wapima ardhi na walimu wa jiografia, tunakukaribisha Moshi na tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu.

Wapo wanaouliza watu wa mlimani wanatafuta nini baharini. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na kwa miaka mingi kahawa ya Kilimanjaro ilishuka kwa reli hiyo hadi bandarini. Meli zilizoipakia ziliongozwa na taa za pwani, ukiwemo mnara wa kisiwa cha Ulenge, karibu na Tanga. Tena maji ya Kilimanjaro na Meru, kupitia mito ya Ruvu na Kikuletwa, hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu na kuwa mto Pangani, ambao humwaga baharini. Mchanga tunaouchota mitoni huku, pamoja na ule unaonaswa na bwawa, ni mchanga ambao ufukwe haupati. Kwa hiyo jambo hili ni letu pia.

Ndugu Mgeni Rasmi, mnara wa taa mara chache huuawa na uzee. Uashi wa zamani ni imara. Kinachoondoka ni ardhi inayoubeba. Mawimbi hutafuna mguu wa genge, yaani ukingo wima wa pwani, mpaka juu pabaki pakining'inia, kisha pande zima huporomoka kwa siku moja. Kwenye fukwe tambarare, mkondo wa pwani husafirisha mchanga kila siku, na ukizuiwa mahali pamoja, ufukwe wa mbele yake hukonda. Mnara wa Morris Island huko South Carolina, Marekani, ulijengwa mwaka 1876 ukiwa nchi kavu. Kuta za mawe zilizowekwa kulinda mlango wa bandari ya Charleston mwishoni mwa karne hiyo zilikata njia ya mchanga, na leo mnara umesimama ndani ya maji. Ndiyo maana tunasita tunaposikia, "Jengeni ukuta tu." Wimbi likipiga ukuta ulionyooka hurudi na nguvu zake na kukomba mchanga wa miguuni. Ukuta una mahali pake, lakini usiwekwe kabla ya kujua mchanga unatoka wapi na unakwenda wapi.

Funzo kubwa kwetu ni Cape Hatteras, North Carolina. Mnara huo wa matofali, wenye urefu wa mita 60 hivi, ulikamilika mwaka 1870 ukiwa futi 1,500 kutoka baharini. Kufikia mwaka 1970 zilibaki futi 120, yaani kama mita 37. Walijaribu kuta fupi za kukinga mkondo, kumwaga mchanga, magunia, hata majani bandia ya baharini. Kilichowatia hofu wataalamu hakikuwa mawimbi peke yake. Chini ya mawe ya msingi kulikuwa na mbao za msonobari zilizolazwa kwenye maji ya ardhini yasiyo na chumvi. Mbao ikikaa majini bila hewa haiozi. Hali hiyo ikivurugwa na maji ya bahari, mbao huharibika na msingi hutitia.

Mwaka 1988 wataalamu walishauri mnara uhamishwe. Wenyeji wengi walipinga wakihofia utavunjika, na fedha za Serikali zikapatikana miaka 10 baadaye. Msingi ulikatwa kidogo kidogo, na kila jiwe lililotolewa nafasi yake ikapokewa na nguzo za muda na mihimili ya chuma. Jeki za haidroliki ziliunyanyua mnara kama futi 6. Ukasukumwa juu ya reli za chuma zilizopakwa sabuni, kama futi 5 kwa kila msukumo, huku vipimo vya umeme vikisoma mwinamo na mtikisiko. Mnara wa zaidi ya tani 4,000 ulikwenda futi 2,900 kuanzia Juni 17 hadi Julai 9, 1999, na ukafika salama.

Denmark nao walihamisha mnara wa Rubjerg Knude mita 70 mnamo Oktoba 22, 2019, ukiwa umebakiwa na mita 6 hivi tu hadi ukingoni. Hatushauri mtu kusubiri kiasi hicho. Mnara wa Gay Head, Massachusetts, ulihamishwa mwaka 2015 ukiwa na mita 14 hivi mbele yake, kwa sababu mitambo inahitaji uwanja wa kufanyia kazi. Siku ya mwisho ya kuokoa mnara huja mapema kuliko siku ya kuanguka kwake. Hapo ndipo wengi hukosea hesabu ya muda walio nao wa kuchangisha fedha.

Kwa hiyo kazi yetu ya kwanza ni vipimo. Vigingi viwili viwekwe nyuma ya mnara, vikiwa mstari mmoja na mnara na ukingo, ili futi kamba ipite njia ileile kila mara. Viwe mabomba yaliyojazwa zege. Vya mti huishia jikoni. Kipimo kifike ukingo wa genge au mstari wa majani ya kudumu, kamwe kisifike kwenye maji, maana maji ya bamvua, yanayojaa sana, na maji mafu, yanayojaa kidogo, hayalingani. Vipimo vichukuliwe mara mbili kwa mwaka, baada ya majira ya pepo za kusi na baada ya yale ya kaskazi, kwa kuwa ufukwe hujaa na kupungua kwa majira. Picha ipigwe kutoka kigingi kilekile. Wastani wa mwaka usitudanganye: ardhi haiondoki kwa sentimita sawasawa, huondoka kwa mapande.

Ndugu Mgeni Rasmi, upande wa sheria pia kuna pengo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Minara ya taa ya enzi za Wajerumani na Waingereza haimo, mpaka Waziri aitangaze katika Gazeti la Serikali. Saini tunazokusanya ni za kuomba hilo kwa minara ya Tanzania Bara. Kila ukurasa wa fomu umebeba maneno ya ombi lenyewe, ili mtu asitie saini kwenye karatasi tupu. Michango itapokelewa kwa risiti, na itaanza na vigingi na usafiri wa wapimaji.

Tunakuomba mambo matatu: utufikishie ombi hili kwa Waziri mwenye dhamana ya malikale, utuombee ruhusa kwa mamlaka inayomiliki minara ili wapimaji wafike Ulenge, na usimamie uchimbaji wa mchanga katika mito yetu, kwa maeneo na viwango vinavyojulikana.

Fomu namba 1 ipo mezani mbele yako, pamoja na kalamu.

Tunaomba kuwasilisha.