Kwa Mwanaidi, kuhusu kucheza na Salumu

Shoga yangu Mwanaidi,

Umeniuliza kama mama mkwe wako amesema kweli kwamba mzazi hachezi na mtoto, mtoto hucheza na wenzake. Kwa uani alikolelea yeye, ni kweli: dada wa miaka minane, binamu wanne, mchanga, vifuu vya nazi. Hata mwanaanthropolojia David Lancy aliandika mwaka 2007 kwamba mama kucheza na mwanawe si desturi ya kila jamii. Lakini wewe uko ghorofa ya tatu, geti limefungwa, Salumu ana miezi 14. Huyo dada utamtoa wapi?

Kwa hiyo cheza, ila si kutwa. Dakika 10 au 15, mara mbili kwa siku, simu ikiwa chumba kingine. Kaa mkekani, macho yenu yalingane, halafu usubiri. Hapo ndipo wengi huharibu: mtu mzima ananyakua kopo, anapanga mnara mwenyewe, anageuza mchezo mtihani, “Hii rangi gani? Sema ba-ba!” Mtoto anageuza uso, anajiondokea. Mwache aanze yeye. Akigonga sufuria mara mbili, nawe gonga mara mbili, kisha nyamaza. Akijibu, mchezo umeanza. Maneno yawe machache: “Umefunika. Umefunua!” Akikupa kisogo au akifikicha macho, amechoka.

Vitu vya kuchezea usinunue. Makopo matatu ya plastiki yanayoingiana, mwiko, kanga ya kujifunika usoni na kuibuka. Kwa kayamba, chukua chupa ya nusu lita, tia kokoto robo yake, paka gundi kwenye kifuniko, kaza, zungushia utepe. Usitie maharage. Kifuniko kikifunguka na harage likaingia puani, hufura kwa unyevu, na kulitoa ni kazi ya daktari. Chochote kinachopita ndani ya kiini cha karatasi ya chooni, kama kisoda au gololi, kisikae karibu naye. Betri bapa ya rimoti ndiyo mbaya kupita zote: akiimeza ikakwama kooni, saa mbili tu zinatosha kuunguza vibaya. Na mwambie baba yake asimrushe wala kumning’iniza kwa mikono. Kiwiko cha umri huu huteguka upesi. Amshike makwapani.

Katuni hazihesabiwi kuwa mchezo. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini, bali ajishughulishe kwa mwili walau dakika 180 kwa siku. Usishtuke, hizo si zako zote. Kukufuata jikoni kumo, kuchota maji karaini huku unaosha vyombo kumo. Ila usimpe mgongo, na ukimaliza yamwage: maji ya sentimita tano yanamzamisha mtoto.

Jioni mteremshe kwenye watoto wa jirani. Akifika miaka mitatu na kupata kundi lake, wewe kaa barazani na kahawa yako, na mama mkwe mpe haki yake.

Wako,
Zuhura